Nilikwangua mshono wa binti yangu usiku, sasa boti hataki hata kuiona

Barua ya wiki hii imetoka Tabata, Dar es Salaam. Majina tumeyaacha kwa ombi la mwandishi.

BARUA

Mshauri, salaam.

Mimi ni baba wa watoto wawili. Binti ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza, na mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Tangu likizo ya Juni tunaunda boti ndogo ya plywood nyuma ya nyumba. Naandika kwa sababu boti imefika pazuri, ila nyumba imefika pabaya.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana bila hiyo ugomvi wetu hautaeleweka. Boti ina futi nane, urefu wa ubao mmoja, ili tusihangaike kuunga. Tulinunua plywood mbili za milimita 6, futi nne kwa nane, muuzaji akaapa ni "marine", yaani ya majini. Vipande ni vitano tu: sakafu, mbavu mbili, ubao wa omo, yaani mbele, na ubao wa shetri, yaani nyuma. Upana katikati ni sentimeta 115, kina 42. Watoto walipima na kuchora, mimi nikakata kwa msumeno wa umeme. Tukatoboa matundu kila baada ya sentimeta 15, sentimeta moja kutoka ukingoni, tukashona kwa waya wa shaba tuliouvua ganda, ule wa 1.5 wa kufungia umeme wa nyumba. Mdogo alishona karibu upande mzima wa kulia peke yake kwa plaizi. Siku mbao bapa zilipoinuka zikawa chombo, walipiga kelele mpaka majirani wakachungulia ukutani. Mtaani wanaiita hori la ng'ombe kwa sababu omo yake ni butu.

Kwenye kona kwa ndani tunajaza epoksi (gundi ya sehemu mbili, resini na hadina ya kuigandisha) iliyokorogwa na vumbi la mbao, juu yake tunalaza tepu ya faiba. Mshono wa kulia niliujaza mimi, wao wakitazama. Wa kushoto binti akaomba aufanye mwenyewe, ilikuwa likizo fupi ya Septemba. Nikamwambia: mbili kwa moja, resini mbili, hadina moja. Akachukua mizani ya jikoni ya mama yake, akapima gramu 200 kwa 100, akakoroga, akajaza mshono wote na kuulainisha kwa mgongo wa kijiko. Kazi safi, niseme ukweli. Alipofika mwisho, karibu na shetri, akabonyeza dole gumba. Alama yake.

Siku tatu baadaye mshono bado unanata. Ukitia ukucha, unaingia. Nadhani alizidisha hadina ili ikauke upesi, watoto hawana subira. Sikutaka kumvunja moyo. Walipolala nikawasha taa, nikakwangua wote kwa patasi, nikafuta kwa asetoni, nikachanganya upya kwa vikombe vya kahawa, viwili kwa kimoja, nikajaza. Kesho yake jioni ulikuwa mgumu kama jiwe. Nilidhani hatajua.

Lakini asubuhi hiyo alikuwa ameshakwenda moja kwa moja kutazama dole gumba lake. Hakusema kitu. Alivua glavu, alikuwa na moja tu mkono wa kulia, akaiweka juu ya ubao wa omo, akarudi ndani. Jioni nilipomwuliza akanijibu, "Baba, si ni yako? Imalizie." Huu mwezi wa pili hajaigusa.

La pili ni mama yao. Kwao ni Pangani, wajomba zake ni wavuvi, amekulia ufukweni. Mwanzoni alikuwa anacheka nasi. Nilipowaahidi watoto kwamba tarehe 27 Desemba tunaishusha baharini Kunduchi, akabadilika. Kauli yake ni moja: "Boti itaelea, sina shaka. Wanangu ndio hawaelei." Ni kweli hawajui kuogelea, na mimi mwenyewe ni wa kubahatisha. Nimemweleza habari za jaketi za kujiokolea, hataki kusikia. Mama mkwe naye kapiga simu. Sasa mke wangu anasema tuitie udongo tupande mchicha.

Juu ya yote, fundi mmoja kapita akaigonga kwa vidole akasema plywood hii si ya majini, itabanduka. Nimeshatumia zaidi ya laki nne.

Nimrudisheje binti kazini? Nivunje ahadi kwa watoto, au nimkaidi mama yao? Na ubao je?

Baba Wawili, Tabata

JIBU

Baba Wawili, asante kwa barua yenye vipimo. Wengi hutuandikia "tumegombana" wakaishia hapo. Wewe umetuwekea gramu na sentimeta, na humo ndani kuna kitu ambacho huenda hujakiona.

Unaniuliza mambo matatu: binti aliyejitoa, mama aliyekataa, na ubao uliotiliwa shaka. Ngoja nianze na binti, lakini nipitie kwenye vyombo vya kupimia. Yeye alitumia mizani. Wewe usiku ule ulitumia vikombe. Wote wawili mlichanganya mbili kwa moja, yake ikabaki laini, yako ikawa jiwe.

Kabla hujasoma zaidi, nenda ukalete kopo la hadina. Tafuta mstari unaotaja kipimo na uangalie kama umeandikwa kwa ujazo au kwa uzito. Epoksi nyingi za mbili kwa moja hupimwa kwa ujazo, na hadina ni nyepesi kuliko resini. Mililita 200 za resini huwa na uzito wa gramu 230 hivi. Mililita 100 za hadina hazifiki hata gramu 100 kwa aina nyingi. Maana yake, kwa gramu 200 za resini hadina iliyotakiwa ni kama gramu 85. Binti aliweka 100 kwa sababu ndivyo alivyoambiwa, na alipima kwa uangalifu kuliko wewe uliyekadiria kwa vikombe. Kama kopo lako linasema ujazo, basi hadina ilizidi kweli, ila aliyeizidisha ni maelekezo.

Hilo la kuongeza hadina ili ikauke upesi pia lina asili yake. Linatoka kwa mafundi wa faiba ya kawaida, ile ya bodi za magari, yenye harufu kali inayokaba koo. Kule katalisti, yaani dawa ya kuigandisha, hutiwa asilimia moja mpaka mbili hivi, na fundi huongeza au kupunguza kidogo kufuata joto la siku. Epoksi haina uhuru huo. Ni kama kufungisha ndoa: kila mmoja ana mwenzake, na hadina iliyokosa mwenza hubaki inazurura ndani ya mshono, mshono ukabaki laini hata ungengoja mwaka.

Nikutendee haki: kopo likisema uzito, tazama kwingine. Huenda hakukoroga vya kutosha. Dakika tatu nzima, huku ukikwangua kuta na kitako cha kopo, maana resini iliyoganda pembeni haijaonja hadina. Huenda vumbi la mbao lilikuwa na unyevu. Huenda alikorogea nyingi kwenye kopo jembamba, ikaanza kupata moto kabla haijafika kwenye kona; kwa joto la Dar, gramu 300 zikiachwa kwenye kikombe kirefu zinaweza kufuka moshi, ndiyo maana wenye uzoefu hukoroga kidogo kidogo na kuimwaga haraka kwenye sahani pana. Lakini kopo kwanza.

Kifundi, kukwangua kulikuwa lazima. Epoksi ambayo haikushika haiponywi kwa kupakwa nyingine juu yake, na asetoni ilihitajika. Mshono ule ndio unaoshika sakafu na ubavu, hauachwi hivyo ili mtoto afurahi. Swali langu ni dogo zaidi. Umesema hukutaka kumvunja moyo. Je, ulikuwa unaukwepa uchungu wake, au ulikuwa unayakwepa mazungumzo? Nauliza tu. Kwa sababu yeye hakupinga mshono kukwanguliwa, hakupewa nafasi ya kupinga wala kukubali. Alikwenda kutafuta dole gumba lake, akakuta mshono wa mtu mwingine.

Sasa njia. Unaweza kumwomba radhi kwa maneno, ukaishia hapo. Ni jambo jema, ila mtoto wa miaka 13 ana pua kali. Akisikia "samahani" iliyobeba "sasa njoo umalizie," atainusa. Unaweza kumwacha, ukaendelea na mdogo wake, ukitumaini kelele za kazi zitamvuta. Hutokea. Hatari yake ni kwamba likizo itakwisha, boti itakwisha, na kile kimya kitabaki.

Njia nyingine ni kuuacha ubao useme. Kateni vipande vidogo vya plywood, upana wa vidole vitatu. Viwili viunganishe kwa epoksi iliyopimwa kwa mizani 200 kwa 100, viwili kwa iliyopimwa kwa ujazo, viandikeni kwa penseli. Baada ya siku tatu au nne vivunjeni kwenye ngazi ya mlango. Muungano mzuri huvunjika mbao, gundi ikabaki imeng'ang'ania na nyuzi za mti juu yake. Mbovu hufunguka palepale kwenye gundi, safi, kama kurasa mbili za daftari. Mtoto akiliona hilo kwa macho yake hahitaji kuambiwa nani alikosea. Ila angalia: fanya hivi baada ya kusoma kopo peke yako, wala usiufanye mchezo wa kuvizia. Ukigundua kosa lilikuwa lako, una jambo la kwenda kumwambia kabla ya jaribio, na ni jambo zito kuliko radhi ya kubembeleza. Ukigundua lilikuwa lake, jaribio linaweza kugeuka mahakama, hapo afadhali uliweke kando.

Na kuna kitu kimoja kwenye barua yako nimekirudia: glavu moja. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki. Mtu hushindwa kuikaribia tena maisha yake. Glavu mikono yote miwili, mikono mirefu, na ikidondokea ngozi ni sabuni na maji, kamwe si asetoni, kwa kuwa asetoni huisukuma ndani. Kupiga msasa ni baada ya wiki nzima ya kukauka, kwa barakoa, na ikiwezekana kwa msasa wa maji. Mkikuta utando unaoteleza kama nta juu ya mshono siku za unyevunyevu, osheni kwa maji na sifongo kwanza, msasa baadaye. Huyo wa miaka 9 akae mbali mpaka iwe ngumu. Mpe kazi nyingine ya kweli: akate dumu la lita tano kwa mshazari, aache mpini wake, apate upo wa kukumbia maji. Aufunge kwa kamba. Chombo kisicho na upo hakiendi popote, na upo usiofungwa huwa wa kwanza kuelea kwenda zake.

Kuhusu ubao, fundi aliyegonga kwa vidole anaweza kuwa amesema kweli bila kujua kwa nini. Neno "marine" kwenye maduka yetu ya vifaa vya ujenzi mara nyingi ni ubao mnene wa kumwagia zege, wenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayoteleza. Ule haufai kabisa kwenu, kwa sababu epoksi haishiki kwenye hiyo ngozi. Wa kwenu ni wa milimita 6 na unaelekea hauna ngozi, kwa hiyo swali ni gundi iliyomo kati ya tabaka zake na kama kuna mianya ndani. Plywood ya boti yenye hadhi hupewa alama BS 1088: gundi isiyoogopa maji, tabaka za ndani zisizo na mashimo. Usipoiona alama hiyo usihuzunike kwanza. Chukua masalio, kata kipande cha sentimeta 10 kwa 10, kichemshe saa moja kwenye sufuria kuukuu, kianike juani siku nzima, rudia mara tatu. Tazama kingo. Zikifunguka kama keki ya tabaka, umepata jibu, na mama watoto apewe jibu hilo pia. Zikibaki zimefumbata, boti yenu ina maisha, mradi kila ukingo uliokatwa unywe epoksi mara tatu, kwani maji huingia plywood kwa ukingoni, usoni ni mara chache. Halafu rangi juu. Epoksi bila rangi huliwa na jua.

Matokeo ya katikati yapo pia: kona moja ikafunguka, tatu zikabaki. Ubao wa namna hiyo unaweza kuvumilia maji matulivu kwa muda, ukihifadhiwa kivulini na kukaguliwa kila mara. Kwenye bahari ya mawimbi ni habari nyingine.

Na hilo hori la ng'ombe lisikuudhi. Mwaka 1947, kule Clearwater, Florida, Clark Mills alichora boti ya watoto iitwayo Optimist, ya kutoka kwenye plywood mbili za futi nne kwa nane. Ubao ulipoishia, omo nayo ikaishia hapohapo, butu kama yenu. Watoto wa nchi nyingi wanajifunzia tanga humo hadi leo. Tena hori kwa watu wa pwani ni chombo pia, siyo la kulishia tu.

Sasa mama yao. Umeandika kana kwamba anaogopa na wewe unamweleza. Isome tena kauli yake: boti itaelea, wanangu hawaelei. Huyu hajaikataa boti. Ametenganisha mambo mawili ambayo wewe umeyafunga pamoja kwenye tarehe 27.

Hesabu iko upande wake. Sakafu yenu ina kama mita mraba 1.8, kwa hiyo kila sentimeta inayozama inabeba kilo 18 na ushee. Boti yenyewe itafika kilo 30 hivi. Wewe tuseme 80, binti 42, mdogo 27: jumla kilo 179, boti inazama sentimeta 10, ubavu unabaki juu ya maji sentimeta 32. Itaelea. Lakini hiyo ni hesabu ya watu waliotulia katikati. Mdogo akisimama kuona samaki, nawe ukageuka kumkalisha, uzito wote umehamia upande mmoja, na mdomo wa ubavu unashuka kwa kasi. Maji yakishaingia kina cha sentimeta 10 tu, ni kilo zaidi ya 150 zinazokimbilia pale palipoinama. Mtu wa Pangani hahitaji karatasi kulijua hilo.

Ndiyo maana jaketi hazimshawishi. Jaketi ni jibu la baada ya kuanguka. Yeye anauliza habari za kabla. Hata hivyo zinatakiwa, na zivaliwe, zisiwekwe chini ya kikalio. Zichaguliwe kwa kilo za mtoto. Jaketi la mtu mzima kwenye mwili wa kilo 27 hupanda mpaka masikioni na mtoto akachomoka chini, na hata la kipimo chake liwe na mkanda wa kupita kati ya mapaja.

Yapo mambo ambayo boti inaweza kufanya yenyewe. Madumu manne ya lita 20, yaliyofungwa vizuri na vifuniko vyake vikazibwa kwa silikoni, hubeba kama kilo 80 boti ikijaa maji. Yakae pembeni, yakifuata mbavu, mawili kila upande, kwa mikanda imara. Ukiyalundika katikati ya sakafu, boti iliyojaa maji itaelea huku ikijipindua.

Tarehe 27 ni majira ya kaskazi. Asubuhi inaweza kuwa shwari, mchana upepo ukapanda. Kunduchi maji hupwa mbali, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ukishuka wakati maji yanatoka, boti ya futi nane yenye makasia mawili inakwenda nayo. Upepo wa kutoka nchi kavu ni mdanganyifu zaidi: karibu na ufukwe maji yanaonekana kama sinia, kisiwa cha Mbudya unakiona kiko hapo tu, na kurudi ndiko kunakokataa. Mkondo wa Kivukoni, penye pantoni na meli, usiufikirie kabisa. Na kabla ya kuizoesha bahari, pita TASAC, wenye dhamana ya usalama wa vyombo majini, uwaulize boti ndogo isiyo na injini inatakiwa iwe na nini.

Una njia kadhaa hapa nazo. Ukimkaidi mke ukashika tarehe, watoto watapata siku yao, na watajifunza pia kwamba neno la mama kuhusu bahari linaweza kurukwa; hilo watalikumbuka siku usiyokuwepo. Ukiahirisha mpaka wajue kuogelea, hiyo ni miezi, na kwa watoto miezi ni milele. Wengine huanza masomo ya kuogelea sasa, wakawaambia watoto wazi kuwa funguo za boti ziko bwawani. Inaweza kuwatia ari. Inaweza pia kuwafanya waichukie boti na bwawa kwa pamoja, hasa huyu mkubwa aliyekwisha kununa.

Iko njia ya katikati, nayo ina mtego wake. Uliwaahidi kuishusha, hukuwaahidi safari. Kuishusha kunaweza kuwa maji ya magoti ya mtoto, asubuhi, maji yakiwa yanaanza kujaa, kamba ndefu imefungwa kwenye omo na upande wa pili umeshikwa na mtu aliye nchi kavu. Muijaze maji kwa makusudi, mkae ndani, mtazame madumu yanafanya nini. Muipindue. Kila mtoto aikumbe maji kwa upo mpaka ikauke, apate kuonja kazi hiyo ilivyo. Masharti ya siku hiyo ayapange mama yao: mahali, saa, nani ashike kamba. Ukimwomba hivyo unamwomba ujuzi wake, wala si ruhusa yake. Mtego ni huu: leo magotini, wiki ijayo kiunoni, Pasaka mko Mbudya. Kama hamtaandika mahali mstari unapoishia, yeye atakuwa amekubali jambo moja na kupewa jingine. Naye anaweza kukataa hata hili. Ana haki hiyo, na mchicha wake si matusi; boti iliyokaa kivulini chini ya turubai mwaka mmoja haiozi.

Na siku ya kuitoa nyumbani, usiogope mlango wa geti. Boti ya sentimeta 115 hupita ikilazwa ubavu, maana kina ni 42 tu, na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, huibeba bila shida ikifungwa kichwa chini.

Jambo la mwisho ni la kazi. Kwa maelezo yako mishono miwili mirefu imekwisha, sijaona ukitaja wa shetri. Kama bado umeshikwa na waya tu, usiujaze. Kwanza laza fito mbili zilizonyooka, moja juu ya omo na moja juu ya shetri, kisha mtu asimame nyuma, afumbe jicho moja, aangalie kama zinalingana. Fito moja ikipanda upande mmoja, boti imejipinda, na mkishajaza shetri na kupigilia vikalio haitanyooka tena. Itakuwa inavuta upande mmoja kila mkipiga kasia. Inataka jicho lenye subira. Mtu aliyepima gramu 200 kwa 100 bila kupitisha hata moja analo jicho hilo, na mshono wa shetri una nafasi ya kutosha kwa dole gumba.